Siku 30 za kwanza: Jinsi mishipa ya damu ya kondo huamua idadi ya watoto wa nguruwe

Mfugaji wa nguruwe wa Njiru, Ruai au Mihang'o huijua vizuri siku ya 114. Ndiyo siku anayoingoja tangu nguruwe wake alipopandishwa: miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Usiku huo hukesha bandani na tochi ya simu, akihesabu mtoto mmoja baada ya mwingine. Wakifika 12, uchovu wote huisha. Wakikoma kwa watano, maswali huanza. Je, dume lilikuwa dhaifu? Chakula kilipungua? Au kuna mtu mwenye jicho baya aliyepita hapo?

Mara nyingi jibu haliko katika usiku ule. Hesabu ya watoto huwa imeshaamuliwa kwa sehemu kubwa miezi miwili na zaidi kabla ya hapo, wakati tumbo la nguruwe bado halijaonyesha dalili yoyote na mfugaji hana hakika kama mimba imeshika. Katika siku hizo 30 za kwanza, kazi kubwa inayofanyika ndani ya mfuko wa uzazi ni ujenzi wa kondo la nyuma na mishipa yake ya damu. Mtoto ambaye mishipa yake imejengwa vizuri huendelea kukua. Ambaye mishipa yake imekwama hufa kimya kimya, na mfugaji hajui kamwe kwamba alikuwako.

Makala haya yanaeleza kazi hiyo inavyofanyika, kinachoweza kuiharibu, na hatua ambazo mfugaji wa mjini anaweza kuchukua bila gharama kubwa.

Kwa nini jambo hili linawahusu wakazi wa Eastlands

Ufugaji wa nguruwe si jambo geni upande wa mashariki wa Nairobi. Wapo wanaofuga majike wawili au watatu nyuma ya nyumba katika ploti za Ruai na Njiru, na wapo wanaofuga karibu na Mto Nairobi kule Korogocho na Dandora. Wengi hulisha kwa makombo ya hoteli, mabaki ya soko na pumba za ngano. Tangu mwaka 2015, Kaunti ya Nairobi ina sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini, inayotambua kwamba mkazi wa jiji naye anaweza kuwa mkulima au mfugaji, mradi afuate masharti ya afya, usafi na ujirani mwema.

Kwa familia yenye majike wawili tu, tofauti ya watoto watatu katika kila uzazi ni karo ya shule au kodi ya nyumba. Nguruwe aliyebeba watoto watano hula karibu sawa na aliyebeba kumi kwa muda mwingi wa mimba. Hutumia maji yaleyale, banda lilelile na siku zilezile 114. Kwa hiyo mtoto aliyepotea mapema ni hasara ambayo tayari imelipiwa.

Wiki mbili bila mshipa hata mmoja

Nguruwe jike anapokuwa kwenye joto, hutoa mayai mengi kwa pamoja, kwa kawaida kati ya 15 na 25, na wakati mwingine zaidi. Akipandishwa kwa wakati unaofaa, mengi ya mayai hayo hurutubishwa. Kama kila yai lingekuwa mtoto, mfugaji angehesabu watoto 18 au 20 kila mara. Lakini utafiti katika nchi nyingi umeonyesha kwamba asilimia 20 hadi 30 ya viinitete hupotea kabla ya siku ya 30. Wengine hupotea baadaye, mahali panapokuwa padogo.

Safari yenyewe huanza hivi. Siku ya pili au ya tatu baada ya kupandishwa, viinitete hushuka kutoka kwenye mirija na kuingia katika mfuko wa uzazi. Mfuko wa nguruwe haufanani na wa binadamu. Una pembe mbili ndefu zilizojikunja kama matumbo, na humo ndimo watoto watakamopangwa kwa mstari. Karibu siku ya sita au ya saba, kila kiinitete hutoka katika ganda lake laini. Kisha viinitete huanza kutembea, vikisukumwa na mikazo ya mfuko, mpaka vijigawe katika pembe zote mbili kwa nafasi zinazokaribiana.

Wakati huu wote kiinitete hakina mshipa wa damu unaokiunganisha na mama. Kinaishi kwa umajimaji unaotolewa na tezi za mfuko wa uzazi, ambao wataalamu wengine huuita maziwa ya mfuko wa uzazi. Umajimaji huu una protini, sukari, mafuta na madini. Mama aliyekonda kupita kiasi au mgonjwa hukosa akiba nzuri ya kuutengeneza.

Ishara ya siku ya 12

Karibu siku ya 11 au 12 hutokea jambo la ajabu. Kiinitete ambacho kilikuwa kama punje ndogo ya mviringo, yenye upana wa takriban milimita 10, huanza kurefuka kwa kasi. Ndani ya saa chache hugeuka kuwa uzi mwembamba. Kufikia siku ya 16 uzi huo unaweza kufikia urefu wa karibu mita moja, ukiwa umejikunja ndani ya mikunjo ya mfuko wa uzazi. Ni kama kila kiinitete kinajiwekea mpaka wa ploti yake kabla jirani hajafika. Chenye nafasi ndogo katika siku hizi kitakuwa na kondo dogo, na chenye kondo dogo kitakuwa na mishipa michache.

Wakati huohuo viinitete hutoa homoni ya estrojeni. Hii ndiyo barua inayomwambia mama kwamba ana mimba. Akiipokea, mwili wake huendelea kutengeneza projesteroni, homoni inayolinda mimba, na harudi kwenye joto. Asipoipokea kwa nguvu ya kutosha, mwili hudhani hakuna kitu, na mimba hukatika. Kwa kawaida vinahitajika viinitete visivyopungua vinne, vilivyoenea katika pembe zote mbili, ili ishara hiyo isikike. Ndiyo maana ni nadra kuona nguruwe akizaa mtoto mmoja au wawili tu: mara nyingi mimba ya namna hiyo huwa imekatika mapema, isipokuwa watoto wengine wawe wamekufa baadaye.

Hapa ndipo mahindi yenye ukungu yanapoleta madhara. Aina moja ya ukungu wa nafaka hutoa sumu iitwayo zearalenoni, ambayo mwili wa nguruwe huichukua kana kwamba ni estrojeni. Jike anayelishwa nafaka hiyo katika wiki ya pili ya mimba hupata ishara ya uongo, kwa wakati usiofaa. Mfuko wa uzazi hubadilika kabla viinitete havijawa tayari, na vyote vinaweza kufa. Mfugaji huona tu kwamba nguruwe amerudi kwenye joto, na lawama huangukia dume.

Majirani wawili na ukuta mmoja

Kati ya siku ya 13 na 18, kiinitete hushikamana na ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi. Neno kushikamana ndilo sahihi. Kwa binadamu, kondo la nyuma huchimba na kuingia ndani ya ukuta wa mama, mpaka damu ya mama huzunguka moja kwa moja nyuzi ndogo za kondo. Kwa nguruwe hakuna kuchimba. Ngozi ya nje ya kondo hulala juu ya ngozi ya ndani ya mfuko wa uzazi, na vijinyuzi vidogo mno vya pande mbili huingiliana kama vidole vya mikono miwili iliyoshikana.

Maana yake ni kwamba damu ya mama na damu ya mtoto hutenganishwa na tabaka sita za seli, tatu za mama na tatu za mtoto. Ni kama familia mbili zinazopakana katika nyumba za mstari, kila moja na ukuta wake, zikipitishiana vitu bila kufungua mlango. Oksijeni, sukari na asidi za protini hupita. Uchafu wa mwili wa mtoto hurudi upande wa mama. Lakini kinga za mama dhidi ya magonjwa ni kubwa mno kupita. Mtoto wa binadamu anayezaliwa Pumwani hutoka tumboni akiwa ameshapokea sehemu ya kinga ya mamake. Mtoto wa nguruwe huzaliwa bila kinga hiyo hata kidogo. Yote huipata kwa kunyonya dang'a, yale maziwa ya kwanza, ndani ya saa 24 za mwanzo.

Kwa kuwa ukuta ni mnene, nguruwe anahitaji njia nyingine ya kupitisha chakula cha kutosha. Njia hiyo ni mbili kwa pamoja: kupanua eneo la ukuta, na kujaza mishipa ya damu pande zote mbili zake.

Mishipa inavyojengwa

Kondo la nguruwe lenye damu hujengwa kwa hatua.

Kwanza, mishipa midogo huanza kwenye mfuko wa kiini, ambao hutumika kwa muda mfupi tu. Mishipa hii hutokea palipokuwa hapana kitu: seli maalumu hukusanyika, huunda vijifuko, kisha vijifuko huungana na kuwa mirija. Karibu wiki ya tatu moyo wa kiinitete huanza kupiga, na damu hupata msukumo.

Pili, kijifuko kingine kiitwacho alantoisi huchomoza kutoka sehemu ya nyuma ya utumbo wa kiinitete na kuvimba kwa kasi. Alantoisi hubeba mishipa ya damu kwenye ukuta wake. Kuanzia karibu siku ya 18 huigusa ngozi ya nje ya kondo, iitwayo korioni, na kuungana nayo. Korioni peke yake haina mishipa. Ni kama mtaa uliogawanywa ploti lakini haujawekewa bomba. Alantoisi ndiyo inayoleta bomba kuu. Popote inapofika, mtaa unapata maji. Popote isipofika, kwa kawaida kwenye ncha mbili za kondo, tishu hukauka. Kufikia siku ya 30 kazi hii ya kuunganisha huwa imekamilika kwa sehemu kubwa.

Tatu, bomba kuu hutoa matawi. Sehemu inayokosa oksijeni hutoa protini zinazoita mishipa mipya ije upande huo. Inayojulikana zaidi kati yake huandikwa kwa kifupi VEGF. Mshipa ulioko karibu ukipokea wito huo, huchipua, hurefuka kuelekea kwenye wito na kuungana na mwingine. Upande wa mama nao hufanya vivyo hivyo. Mwishowe kuna mtandao wa mishipa myembamba kama nywele kwenye pande zote mbili za ukuta, ikitazamana.

Nne, ukuta wenyewe hujikunja. Mikunjo ya kwanza huonekana mapema, na kutoka karibu siku ya 35 mikunjo midogo huongezeka juu yake. Faida yake inaeleweka kwa kutazama mabati ya paa. Bati lenye mawimbi likinyooshwa huwa refu kuliko linavyoonekana. Vivyo hivyo, kondo lililokunjamana lina eneo kubwa la kupitisha chakula ndani ya nafasi ileile. Kadiri mimba inavyokua, mishipa husogea karibu zaidi na ukuta na unene wa kizuizi hupungua.

Kondo hukua haraka sana kati ya siku ya 20 na 60, na kufikia karibu siku ya 70 huwa limekaribia ukubwa wake wa mwisho. Mtoto, kinyume chake, huongeza uzito mwingi baada ya hapo. Kwa maneno mengine, mtoto wa mwezi wa nne hulishwa na barabara zilizojengwa katika mwezi wa kwanza na wa pili. Zikiwa nyembamba, hakuna chakula cha dakika ya mwisho kitakachozipanua vya kutosha. Huyo ndiye mtoto dhaifu anayezaliwa na uzito mdogo na kusukumwa na wenzake kwenye chuchu.

Kwa nini mmoja huishi na jirani yake hufa

Jambo lililowashangaza wanasayansi kwa muda mrefu ni kwamba katika mfuko uleule wa uzazi, siku ileile, kiinitete kimoja kinastawi na cha pembeni yake kinakufa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph nchini Kanada walichunguza sehemu hizo mbili kwa kulinganisha. Waligundua kwamba seli za kinga za mama, zile ambazo watu hudhani kazi yake ni kupigana na vijidudu tu, hukusanyika mahali kiinitete kiliposhikamana na kusaidia kutoa protini za kuita mishipa. Mahali ambapo kiinitete kilikuwa kinafifia, wito wa mishipa ulikuwa umepungua na dalili za uvimbe zilikuwa zimeongezeka. Kwa hiyo afya ya mama kwa jumla, pamoja na kuepuka maambukizi, ni sehemu ya ujenzi wa kondo.

Urithi nao una nafasi yake. Nguruwe wa Meishan kutoka Uchina anajulikana kwa kuzaa watoto wengi. Utafiti uliofanywa Iowa, Marekani, ulionyesha kwamba kondo lake huwa dogo kuliko la nguruwe weupe wa Ulaya, lakini limejaa mishipa zaidi kadiri mimba inavyokaribia mwisho. Kondo dogo lenye mishipa mingi huacha nafasi kwa wenzake. Meishan si nguruwe wa kawaida katika mabanda ya Nairobi, ambako wengi ni Large White, Landrace, Duroc na machotara wao, lakini fundisho linabaki: jike anayezaa na kulea watoto wengi mara kwa mara anafaa kuachiwa binti zake wawe wazazi. Na dume asipande binti zake wala dada zake, kwa kuwa kuzaliana kwa ndugu hupunguza idadi ya watoto.

Chakula pia kimechunguzwa. Mwaka 2007 watafiti wa Texas walichapisha matokeo ya kuwaongezea nguruwe wenye mimba arginini, moja ya asidi zinazounda protini, kuanzia siku ya 30 hadi kuzaa. Mwili hutumia arginini kutengeneza gesi inayopanua mishipa ya damu. Nguruwe hao walizaa wastani wa watoto wawili zaidi walio hai kuliko wenzao. Mfugaji wa Dandora hahitaji kutafuta arginini ya dukani. Anachohitaji ni kujua kwamba protini bora, kama ile ya soya, omena safi au mashudu ya alizeti, hufanya kazi ambayo pumba na viazi vitupu haviwezi.

Kusoma kalenda

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mfugaji anayeandika tarehe anaweza kujua mimba ilipotea katika hatua gani, bila mashine yoyote:

• Nguruwe akirudi kwenye joto kati ya siku ya 18 na 24: ama hakushika mimba, ama viinitete vilikufa kabla ya ishara ya siku ya 12. Wakati wa kupandisha, afya ya dume na chakula chenye ukungu vichunguzwe.

• Akirudi kati ya siku ya 25 na 38: mimba ilishika, kisha ikapotea wakati wa kushikamana au wa kujenga mishipa. Maambukizi, joto kali, mapigano na kusafirishwa ndivyo vya kushukiwa kwanza.

• Akizaa wachache lakini wote wakiwa wazima: wengine huenda walikufa kabla ya karibu siku ya 35. Katika umri huo mifupa haijawa migumu, na mwili wa mama huwafyonza wasiache alama.

• Akizaa pamoja na watoto waliokauka, weusi kama ngozi kavu: hao walikufa baada ya siku ya 35. Wakiwa kadhaa wa ukubwa tofauti, virusi vya pavo ni mojawapo ya vinavyoshukiwa. Virusi hivyo humwacha mama akionekana mzima kabisa huku vikipita kutoka mtoto mmoja hadi mwingine. Daktari wa mifugo ndiye wa kushauri kuhusu vipimo na chanjo.

La kufanya katika siku 30 za kwanza

1. Andika tarehe ya kupandisha ukutani au kwenye daftari. Weka alama siku ya 12, 21, 30 na 114.

2. Usimhamishe, usimsafirishe wala kumchanganya na nguruwe wageni katika mwezi wa kwanza. Kama ni lazima ahamie banda jingine, ahamishwe mara tu baada ya kupandishwa au baada ya siku ya 30.

3. Mpe chakula cha kutosha bila kumnenepesha. Jike mzima mwenye mimba huhitaji takriban kilo 2 hadi 2.5 za chakula kamili kwa siku, akiongezwa kidogo kama amekonda.

4. Usimpe mahindi, mkate au chakula cha kuku kilichoota ukungu, hata kama ukungu umepanguswa. Sumu hubaki, na kuchemsha hakuiondoi.

5. Maji safi yasikosekane. Nguruwe mwenye mimba hunywa lita 10 hadi 20 kwa siku. Mahali maji ya mfereji huja kwa zamu, tengewa la akiba ni sehemu ya banda.

6. Punguza joto. Nguruwe hana uwezo wa kutoa jasho la kumpoza, na banda la mabati matupu katika jua la Januari na Februari humchosha vibaya. Nyasi au magunia chini ya bati, upande mmoja wazi kwa hewa, na kumwagia maji adhuhuri husaidia.

7. Makombo ya hoteli yachemshwe vizuri mpaka yatokote, kisha yapoe kabla ya kulishwa.

Jambo la saba lina uzito wa pekee katika nchi hii. Homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza hapahapa Kenya, katika ripoti ya Montgomery ya mwaka 1921. Virusi vyake hukaa kwa muda mrefu katika nyama ya nguruwe isiyopikwa vizuri, na hivyo husafiri ndani ya makombo. Ugonjwa huu husababisha damu kuvuja ndani ya mwili, na majike wenye mimba mara nyingi huitoa. Haumpati binadamu, lakini hauna tiba, na unaweza kumaliza banda zima ndani ya siku chache.

Vivyo hivyo, nguruwe wasiachwe kuzurura jalalani. Utafiti wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa wa mwaka 2007 ulikuta madini ya risasi kwa wingi katika udongo wa eneo la jaa la Dandora. Mama anayekula hapo humeza risasi pamoja na chakula, na risasi ni miongoni mwa vitu vinavyoweza kuvuka kondo na kumfikia mtoto.

Siku ya kuzaa

Kondo ambalo limefanya kazi tangu wiki ya tatu hutoka baada ya watoto, kwa kawaida ndani ya saa chache. Likichelewa na jike akawa na homa au akakataa kula, aitwe daktari wa mifugo. Kondo liondolewe bandani kwa mikono yenye glavu, kwa kuwa magonjwa kama bruselosisi na leptospirosisi yanaweza kumpata binadamu kupitia majimaji ya uzazi. Lizikwe kwenye shimo refu. Lisitupwe mtaroni wala kupewa mbwa. Mama mjamzito wa nyumbani asifanye kazi hiyo.

Kisha kila mtoto asaidiwe kufika kwenye chuchu mapema, wadogo wakitangulia. Ukuta wa tabaka sita haukuwapa kinga, na dang'a ndiyo njia pekee iliyobaki.

Wajibu wa mfugaji na mahali pa kupata msaada

Mfugaji wa mjini ana majirani. Banda liwe na sakafu inayosafishika na uzio wa kuzuia nguruwe kutoka, kwa ajili ya afya ya wote na kwa heshima kwa majirani ambao dini yao haiwaruhusu kumgusa mnyama huyu. Kuhamisha nguruwe kutoka eneo moja hadi jingine kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Magonjwa ya Wanyama. Kuchinja kufanywe katika kichinjio chenye leseni, mahali ambapo mkaguzi wa nyama yupo.

Mfugaji anayeona mimba zikitoka, watoto waliokauka au vifo vya ghafla anahimizwa kutoa taarifa mara moja katika ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo yake. Aende na daftari lake. Tarehe ya kupandisha, siku jike aliporudi kwenye joto, idadi ya waliozaliwa hai na waliokufa: hayo manne yakiwa yameandikwa, afisa wa mifugo anaweza kujua pa kuanzia kabla hata hajafika bandani.